MALI BILA DAFTARI: Nyumba ya Mume na Mke Siku ya Talaka

Kuna maswali matatu ambayo watu wa ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huulizana sana ndoa inapovunjika. La kwanza: mke aliyepewa talaka atoke nyumbani siku ile ile, au akae? La pili: ni nani atakayemlisha yeye na watoto, na kwa muda gani? La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: nyumba waliyoijenga pamoja ni ya nani?

Maswali mawili ya mwanzo yana majibu yaliyo wazi katika sheria ya dini, ijapokuwa wengi wetu hatuyafuati. La tatu pia lina jibu, lakini jibu lake latimia kwa jambo ambalo sisi watu wa pwani twaona haya kulifanya. Jambo lenyewe ni kuandikiana. Mke na mume wa Kiislamu wa huku kwetu huishi miaka ishirini, wakachanga, wakajenga, wakapangisha, na katika miaka yote hiyo pasiwe na karatasi moja isemayo nani alitia nini. Twasema kwamba haya hiyo si dini. Ni mazoea tu, na mazoea hayo yanawapokonya wanawake haki zao na kuwaburura wanaume katika kesi zisizokwisha.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana asiyeijua Mombasa hataufahamu uzito wa jambo hili. Katika mitaa mingi ya ng'ambo mwenye nyumba siye mwenye ardhi. Ardhi ni ya mtu mwingine, na mwenye nyumba humlipa kodi ya kiwanja. Nyumba iliyo juu yake yaweza kuuzwa, kupangishwa na kurithiwa, huku mchanga ulio chini yake ukiwa wa mwenye shamba. Hati ya ardhi hakuna. Kilichopo ni risiti ya kodi ya kiwanja, na pengine barua ya mzee wa mtaa. Na risiti hiyo ina jina moja. Aghlabu ni jina la mume, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kuzungumza na mwenye shamba.

Sasa tuchukue mfano wa mume na mke ambao twaweza kuwakuta Mtongwe, Mwandoni au Chaani. Mume ni kibarua wa bandarini. Alijenga chumba kimoja cha udongo na makuti. Baada ya miaka mitatu mke akauza bangili zake za dhahabu, udongo ukaondoka, yakaja mawe na mabati. Mke akawa akikaanga mahamri na viazi vya karai alfajiri na jioni, na zamu yake ya chama ilipofika, fedha zile zikaongeza vyumba viwili vya kupangisha. Mume naye alinunua simiti, akalipa fundi, na kodi ya kiwanja hakuikosa hata mwezi mmoja. Baada ya miaka kumi na minane talaka ikatoka. Mume asema, "Risiti ina jina langu." Mke asema, "Na bangili zangu je?" Majirani wote wajua kwamba bangili ziliuzwa. Lakini ziliuzwa kwa kiasi gani, na zilitolewa kwa nia gani, hakuna ajuaye.

Sheria ya Kiislamu haichanganyi mali ya mume na ya mke. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 32, imebainishwa kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mahari ya mke ni yake, urithi wake ni wake, faida ya mahamri yake ni yake. Yafaa tukumbuke kwamba mke wa Kiingereza alingoja mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo akaweza kumiliki mali yake kikamilifu bila mumewe kuishika. Mke wa Kiislamu alikuwa na haki hiyo karne nyingi kabla yake.

Lakini upanga huu una makali pande mbili. Maadamu mali ni mbalimbali, basi mke adaiye fungu katika nyumba ataulizwa: bangili zile ulizitoa kwa njia gani? Je, ilikuwa hiba? Ikiwa ulimpa mumeo zawadi, naye akaipokea, ni yake. Je, lilikuwa deni? Ikiwa ulimkopesha, utalipwa deni lako, lakini huna fungu katika nyumba. Au mlikuwa washirika? Ikiwa mlitia mali pamoja mkakusudia nyumba iwe yenu wawili, basi una fungu kwa kadiri ya ulichotia. Bangili ni zile zile, lakini majibu ni matatu, na kila jibu lina hukumu yake. Katika mfano wetu hakuna aliyesema neno siku ile dhahabu ilipopelekwa kwa sonara. Kila mmoja alidhani mwenzake amefahamu.

Huenda msomaji akasema: basi na tuiache Mahakama ya Kadhi, tushike sheria ya serikali. Na tuitazame. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema katika kifungu cha 3 kwamba mtu wa dini ya Kiislamu aweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mambo yote ya mali ya ndoa. Kifungu cha 7 chasema kwamba mali ya ndoa ni ya wanandoa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja katika kuipata. Mchango umefasiriwa kwa upana. Si fedha tu; kazi za nyumbani, kulea watoto, kuendesha biashara ya familia na kulima shamba pia vimo. Wengi wamedhani kwamba maana yake ni nusu kwa nusu. Sivyo. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa mume na mke uliotajwa katika Katiba haumpi kila mmoja nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja hana budi kuthibitisha mchango wake.

Majirani zetu wa Tanzania walitangulia katika njia hii. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Waislamu waliooana mwaka 1971. Mahakama ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Neno hilo likawa msingi wa hukumu nyingi zilizofuata. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba, kwa kuwa zilihesabiwa fedha ambazo mumewe alikuwa amempa za kuanzishia mradi wa familia. Somo hapo ni la pande zote mbili: mwenye kuweza kuonyesha alichotoa, mume au mke, ndiye atakayesikizwa.

Kwa hivyo mlango wa Kadhi na mlango wa sheria ya serikali, ijapokuwa ni milango miwili, mlinzi wake auliza swali moja: ushahidi uko wapi? Wazee wetu walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaitumia kwa wenye maduka, lakini nyumbani twaisahau.

Kabla hatujaendelea na daftari, tuyajibu yale maswali mawili ya mwanzo, kwani nayo yana mazoea yanayoipiku dini.

Mazoea yetu ni kwamba mwanamke akiandikiwa talaka hufunga mizigo, akapanda feri au matatu kwenda kwa wazazi wake. Asipoondoka husemwa kwamba hana haya. Ilhali Sura At-Talaq, aya ya kwanza, yakataza wanaume kuwatoa wake hao katika nyumba zao muda wa eda, na yawakataza wake nao kutoka, isipokuwa pawe na uchafu ulio dhahiri. Eda, kwa madhehebu ya Imam Shafii tuyafuatayo wengi wa pwani, ni tohara tatu kwa mwenye kupata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mpaka kujifungua kwa mjamzito. Ikiwa talaka ni ya rejea, mke ana haki ya makao na nafaka mpaka eda iishe. Ikiwa ni talaka isiyo na rejea, ana haki ya makao, na nafaka ikiwa ni mjamzito. Hekima yake yaonekana wazi: walio chini ya paa moja huenda wakapatana. Tunapomhimiza mwanamke aondoke usiku ule ule, twafunga mlango ambao Mwenyezi Mungu ameuacha wazi. Na kwa upande wa dunia, aliyekwisha kuondoka na mizigo yake huona taabu zaidi kudai nyumba.

Mahari iliyobaki ni deni juu ya mume, na talaka hailifuti. Tena kuna kiliwazo, kile kinachotajwa katika Sura Al-Baqara, aya ya 241, nacho ni kitu ambacho mume humpa mke aliyemwacha ili kumtuliza moyo. Kwa Mashafii ni wajibu pale mume anapoacha kwa hiari yake pasipo sababu itokayo kwa mke. Waulize wanawake kumi walioachwa katika mtaa wako, kisha uhesabu ni wangapi waliopewa, au hata waliowahi kukisikia.

Na hapa pana jambo ambalo wachache walijua. Nafaka ya mke ambayo mume hakuitoa, kwa Mashafii, hubaki deni juu yake hata miaka ikipita. Lakini nafaka ya mtoto iliyokwisha pita haiwi deni, ila ikiwa kadhi alikwisha amrisha. Mama anayenyamaza miaka mitano akisema "nitamshtaki siku moja" ajue kwamba kwa njia hiyo miaka ile mitano haitarudi. Na aende mapema. Kwa dini matumizi ya mtoto yako juu ya baba. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 53, yawapa baba na mama jukumu la malezi kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na mama aweza kupeleka dai la matunzo katika mahakama ya watoto. Bibi Hind, mkewe Abu Sufyan, alipomshtakia Mtume mumewe kwa ubahili, aliruhusiwa kutwaa katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Hakuambiwa avumilie tu.

Neno hilo la kuvumilia lina historia yake Mombasa. Katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi akisikiza kesi, na mwaka 1998 akatoa kitabu. Alieleza jinsi desturi inavyomtaka mume atamke na mke avumilie, akafunga siri za nyumba kifuani. Lakini pia alikuta kwamba wengi wa waliofungua kesi walikuwa wanawake, na aghlabu walishinda. Kwa hivyo Mahakama ya Kadhi si adui wa mwanamke kama wengine wanavyodai. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 yaagiza kwamba mashahidi wote wasikizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi wala si kwa kuhesabu vichwa vya mashahidi. Asiyeridhika aweza kukata rufani Mahakama Kuu, na huko Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi pamoja na jaji kumshauri. Mlango uko wazi. Tatizo ni kile tunachokwenda nacho mkononi.

Wako watakaosema kwamba kuandikiana baina ya mume na mke ni kutoaminiana, na kwamba ndoa ya karatasi haina baraka. Twawauliza: nikahi yenyewe si mkataba? Haina mashahidi wawili? Mahari si hutajwa mbele ya watu? Na je, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, yazungumza nini kama si kuandika madeni na kuweka mashahidi, deni likiwa dogo au kubwa? Aya hiyo haikusema kwamba mume na mke hawamo. Mwenye kuandika hakumtuhumu mwenzake. Amemkinga na shetani wa kesho, na amewakinga watoto na ugomvi wa mirathi siku mmoja wao atakapofariki.

Wala si jambo la kuzua. Katika milima ya kaskazini ya Moroko wanawake walikuwa wakilima pamoja na waume zao, na katika karne ya 16 mwanachuoni Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba mwanamke wa namna hiyo ana fungu katika mali iliyotokana na jasho lake. Sheria ya familia ya Moroko ya mwaka 2004, katika kifungu cha 49, imeweka mali ya mume na mke mbalimbali kama ilivyo dini, lakini ikawaruhusu waandikiane mapatano juu ya mali watakayoichuma, katika karatasi iliyo mbali na mkataba wa ndoa. Wale wanaofungisha ndoa hutakiwa wawakumbushe. Malaysia nako, ambako Waislamu ni Mashafii kama sisi, mahakama za Kiislamu hugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi ya wote wawili, na sheria ya mwaka 1984 ya mji mkuu wao imelitaja jambo hilo. Waislamu hao hawakutoka katika dini.

Wako pia wanaume watakaonung'unika kwamba hii ni hila ya kuwanyang'anya nyumba. Na wafikiri tena. Daftari halisemi mke apewe nusu. Lasema kila mtu apewe chake. Mume aliyenunua simiti, akalipa fundi na kodi ya kiwanja miaka kumi na minane, naye ana haja ya kuthibitisha, hasa mbele ya sheria ya serikali ambayo kifungu chake cha 14 chachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja imeshikwa pia kwa ajili ya mwenzake, mpaka aonyeshe vingine.

Basi lifanywe nini? Halihitajiki jambo kubwa wala la gharama. Kwanza, siku mke anapotoa dhahabu yake au fedha za chama kutia katika nyumba, waseme wawili hao ni hiba, ni deni au ni ushirika, kisha waandike mistari mitatu yenye tarehe na kiasi, watie sahihi, na mashahidi wawili watie sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Pili, waende kwa mwenye shamba pamoja, risiti ya kodi ya kiwanja iandikwe majina mawili ikiwa nyumba ni ya wawili. Hili ni muhimu zaidi hati zinapotolewa, kama zilivyotolewa katika shamba la Waitiki huko Likoni mwaka 2016, kwani jina likikwisha kuingia katika hati kulibadili ni kazi. Tatu, wahifadhi risiti za mawe na mabati, daftari la chama, na ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu. Nne, ndoa isajiliwe na cheti kiwekwe, na talaka nayo ipelekwe kwa kadhi iandikwe, isibaki kipande cha karatasi kilichotupwa chini ya mlango.

Tano, na hili ni la maimamu na masheikh wetu: wanapofungisha nikahi katika misikiti ya ng'ambo, mbali ya kuwausia bwana na bibi harusi juu ya subira na heshima, wawaambie na neno moja la mali. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, alituandikia kwa Kiswahili kitabu kizima cha ndoa, talaka na maamrisho yake, ili mtu wa kawaida asome mwenyewe. Itakuwa aibu tukirudi nyuma, tukawa twajua hesabu ya karamu ya harusi hata bei ya mchele, na hatujui nyumba tutakayolala ndani yake ni ya nani.

Hatumtakii mtu talaka. Katika mambo ya halali ni chungu, na nyumba inayodumu ni bora. Lakini nyumba hudumu zaidi watu wake wanapojua mipaka yao. Msomaji uliye na mwenzio chini ya paa moja usiku wa leo, ingali kuna mapenzi na maneno bado ni mazuri: ulizaneni lile swali la tatu, na jibu lake mliandike. Wakati wa kuandikiana ni huu. Siku ya ugomvi hakuna atakayekubali kushika kalamu.